Jinsi ya Kumkamata Mgeni Masumbwe Bila Kumkamata Shangazi Yako

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, kamanda wa sungusungu, mama lishe wa barabarani, na mtu mwingine yeyote wa Masumbwe ambaye siku moja ataulizwa: "Hapa kwenu wageni ni akina nani?" Swali hilo huja kwa upole. Anayeuliza ana daftari, wewe umekalia kiti cha plastiki, na mtu utakayemtaja anaweza kuvushwa mpaka wa Rusumo au Kabanga kabla ya wiki kuisha akiwa na nguo za mwilini tu. Kwa hiyo tujifunze kujibu.

Anza kwa kujua umekaa wapi. Barabara inayopita mbele ya maduka yetu inatoka Kahama, inaenda Ushirombo, Runzewe na Lusahunga, halafu inashuka mpaka Rwanda na Burundi. Malori ya transiti yanapita usiku na mchana, madereva wanakula hapa, wengine wameoa hapa. Nyuma ya barabara kuna mashamba ya mpunga na mahindi, na nyuma ya mashamba kuna maduara ya dhahabu. Hata mipaka yetu ya ndani haijatulia. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga, Mwanza na Kagera. Wilaya ya Mbogwe ikatoka Bukombe, na Bukombe yenyewe ilitoka Kahama. Mzee wa hapa anaweza kuwa amezaliwa Kahama, akaoa Bukombe na kuzeeka Mbogwe, bila kuhamisha hata kitanda. Akiulizwa alizaliwa wilaya gani, naye na mwanawe wakajibu tofauti, usiandike kwamba familia hiyo inajichanganya.

Sasa tuchukue vipimo vinavyotumika, kimoja kimoja, tuvitumie kwa watu wote kama haki inavyotaka.

Kipimo cha lafudhi kinapendwa kwa sababu hakina gharama. Mtu anatamkishwa maneno mawili matatu, anayesikiliza anatoa hukumu. Ukitaka kukitumia, anza na wajumbe wa kamati ya kitongoji chako. Msukuma akisema haraka, "habari" inatoka "habali", wala hakuna aliyewahi kumpandisha gari kwa hilo. Mhangaza wa Ngara na Muha wa Kakonko wanaongea lugha ambazo Mrundi anazielewa bila mkalimani. Wote wawili ni Watanzania, na wote wawili wapo hapa Masumbwe, huyu anauza mitumba gulioni, yule anapakia mawe kwenye karasha. Kwa ofisa aliyehamishiwa huku kutoka Pwani, masikioni hao ni Warundi. Watu wa Kigoma wanalijua jambo hili kwa uchungu, na wabunge wao wamelilalamikia bungeni zaidi ya mara moja: raia anadaiwa kuthibitisha uraia wake ndani ya basi, mbele ya abiria wenzake, kwa sababu ya namna anavyosema. Wakati huohuo mtoto aliyeletwa mgongoni kutoka ng'ambo, akasoma shule ya msingi hapa na kuchunga ng'ombe na watoto wetu, anasema "habali" safi kabisa. Kipimo kitampitisha yeye na kumkamata Muha.

Kipimo cha pua na urefu kitupwe leo hii. Sitakipa mstari mwingine.

Kipimo cha babu kinaonekana cha heshima, maana kinafanana na mila: "Kaburi la babu yako liko wapi?" Nacho tukitumie kwa wote. Wenye jina la mji huu, Wasumbwa, walikuwa wasafiri wakubwa wa misafara katika karne ya 19. Walikwenda kwa miguu mpaka Katanga kutafuta shaba na pembe. Mmoja wa watu wa asili hiyo, Mwenda, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, hakurudi. Alikaa huko, akaoa, akakusanya watu, akajenga dola yake na makao makuu Bunkeya. Aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Watu wake, Wayeke, wapo Katanga hadi leo. Ni Wakongo, wana machifu wao na mashamba yao. Kwa kipimo cha babu, Kongo ingewarudisha wote, na kamati yako ingetafuta viwanja vya kuwapokea.

Wasukuma nao, ambao sasa ndio wengi Geita, walisogea magharibi na ng'ombe na pamba yao katika karne iliyopita, mapori ya mbung'o yalipofyekwa. Waliwakuta Wazinza na Wasumbwa. Na mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia, Rwanda, Urundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mbelgiji na Mwingereza ndio waliokuja kuligawana. Mtu aliyetoka Urundi mwaka 1910 akaja huku kubeba mizigo au kutafuta malisho hakuvuka mpaka wowote wa kimataifa. Mpaka ulichorwa nyuma yake, yeye akiwa tayari ana mji na wake. Ukimdai kitukuu wake maelezo leo, unamdai kwa kosa la mabwana wawili wa Ulaya waliokaa na ramani.

Nilisimama siku moja kwenye foleni ya kujiandikisha, kwenye darasa la shule, nyuma ya mama mmoja mzee. Alikuwa amefunga karatasi zake kwenye ncha ya khanga: kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho, risiti ya pamba ya chama cha msingi iliyofifia mpaka maandishi yanasomeka kwa kubahatisha, na kadi ya kupigia kura.

"Mama, wazazi wako walizaliwa wapi?"

"Nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani wapi? Una vyeti vyao?"

"Wakati ule nani alikuwa na cheti?"

Karani, kijana mwenye adabu, aliinua uso akatazama foleni. Mwanaume mmoja akasema huyu tunamjua, ni mama wa pale kisimani, mumewe alikuwa mwalimu. Wengine wakaitikia. Karani akaandika, mama akafunga fundo lake, akasogea kwenye dirisha la picha. Hakuna sheria iliyofanya kazi pale. Mama yule alipita kwa sababu mtu mmoja anayekubalika alimsemea. Angekuwa na ugomvi wa shamba na mtu yule, sijui angelala wapi usiku ule. Ndiyo maana nakusihi, mwenyekiti: kinywa chako kina uzito kuliko vyeti vyote vya wilaya hii, maana wazee wengi vyeti hawana.

Kabla hujakifungua, soma Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995. Kifungu cha 5 ni kifupi. Kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia tangu siku aliyozaliwa. Kisha kinataja wanaoachwa nje: mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa adui aliyezaliwa mahali palipotekwa na adui huyo. Basi. Mtoto wa kibarua wa Kirundi aliyezaliwa kwenye kituo cha afya cha Masumbwe si mtoto wa balozi, na sijasikia kwamba Masumbwe imewahi kutekwa. Lakini ukifika ofisini, swali la kwanza ni kama baba au mama yako ni raia, na usipothibitisha unaambiwa huna haki. Miaka yote hii tumeishi na sheria inayosema hivi na kaunta inayosema vile. Kama wananchi kupitia Bunge lao wanataka uraia wa kuzaliwa utegemee mzazi, basi wajadili hilo waziwazi na waandike hivyo, kwa ajili ya watoto watakaozaliwa baada ya hapo. Kumnyima mtu kwa mazoea ya ofisi kitu ambacho sheria imempa ni dhuluma, hata kama kaunta ni safi na muhuri ni mpya.

Ukiwa umefungua kitabu hicho, shuka mpaka kifungu cha 11. Mwanamke wa nje akiolewa na raia wa Tanzania ana njia yake ya kuomba uraia akiwa mke. Mwanaume wa nje akimuoa binti yetu hana njia hiyo. Kijana wa Kasulu akioa Bujumbura analeta mke nyumbani na sheria inampokea. Dada yake akiolewa na Mrundi wa mtaa huohuo, mumewe anahesabiwa kama mgeni mwingine yeyote hata wakizaa watoto saba na kujenga nyumba ya bati. Binti yetu anapewa uraia wa nusu, asioweza kuutandika pale anapoishi. Hili halihitaji tume wala semina ya Dodoma kulirekebisha.

Sasa Kimbunga. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, mkoa wetu ukiwa bado mchanga. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Aliyesafiri njia ya Lusahunga miaka ile anakumbuka mabasi yakisubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki kupita msituni. Watu waliuawa kwa silaha zilizotoka kwenye vita vya majirani, na makundi makubwa ya ng'ombe yaliingia kwenye hifadhi. Serikali isiyolinda barabara yake haina maana, na nchi ina haki ya kujua nani ameingia na kwa nini. Hilo nalisema bila kusitasita, na mtu anayedai mipaka ni dhambi hajawahi kulala njiani Runzewe akisubiri kuche.

Lakini angalia nani alipanda malori. Rwanda peke yake ilipokea zaidi ya watu 10,000, na wengine walikwenda Burundi na Uganda. Ndani yao walikuwamo watu walioingia miaka ya 1960 wakiwa wamebebwa na mama zao, watu waliozaliwa huku, watu waliokuwa na kadi za kupigia kura, wanaume walioacha wake zao wa Kitanzania mlangoni. Wengine walifika ng'ambo wakiwa hawana ndugu wala kijiji cha kutaja, na ilibidi Rwanda iwafungulie kambi Kiyanzi, wilayani Kirehe. Ng'ombe walibaki. Mihogo ilibaki ardhini. Jambazi mwenye bunduki hakukaa nyumbani kusubiri tangazo. Aliyekaa ni mwenye migomba, kwa sababu migomba haihami, na kwa sababu aliamini kwamba miaka 40 ya kulipa michango ya shule ilikuwa na maana fulani.

Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Mtu akikaa, akalima, akazika watoto wake hapa, akachangia zahanati, wakati wote huo serikali ikimwona na kupokea ushuru wake, muda huo unazaa haki. Haijalishi aliingiaje. Uliyemnyamazia miaka 30 huwezi kumgeukia asubuhi moja ukamwambia hukujua alikuwapo.

Na nchi hii inajua kufanya vizuri zaidi, imeshafanya. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia mlango wa uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda, na mwaka 1983 Mwalimu alipewa medali ya Nansen kwa alivyowatendea wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, zaidi ya watu 162,000. Walisubiri vyeti vyao kwa kihoro mpaka mwishoni mwa 2014, lakini walipewa. Nchi chache sana duniani zimewahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja. Rais aliyetoa wiki mbili za 2013 ndiye aliyetoa vyeti vya 2014. Tofauti kati ya familia ya Katumba na familia ya Biharamulo ni kwamba ya kwanza iliandikwa kwenye orodha ya kambi na ya pili ilijitegemea.

Kamati yako, mwenyekiti, itaulizwa zaidi kuhusu migodi, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Zipo Nyarugusu mbili. Ya Geita ina dhahabu. Ya Kasulu ina kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mkimbizi wa Nyarugusu ya Kasulu haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, wala hana njia rahisi ya kufanya kazi ya halali. Nyarugusu ya Geita, pamoja na kila rashi ya dhahabu inayolipuka kati yetu na Rwamgasa, inataka mikono kila siku: wa kushuka duarani, wa kupandisha viroba, wa kuponda, wa kuosha kwenye zebaki, kazi ambayo nisingemtakia mtoto wa mtu. Usishangae kijana akitoka ya Kasulu akaja ya Geita. Mwenye duara aliyemchukua anajua katoka wapi. Anamlipa kidogo kuliko mwenyeji, na siku ya kugawana mawe akitaka kumnyima, anamtisha kwa kumtajia Uhamiaji. Nimesikia tishio hilo likitolewa mchana, mbele za watu, na hakuna aliyeshtuka.

Mwaka huohuo wa 1996, mwezi Agosti, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, hapo jirani, kumpisha mwekezaji. Hao walikuwa wananchi. Desemba ya mwaka huo wakimbizi wa Rwanda waliambiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 31. Nayaweka pamoja kwa makusudi. Fukara anayekalia kitu chenye thamani huitwa mvamizi, akiwa na uraia au bila uraia. Na mwenye mtaji hupewa mlango wake: Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimruhusu mwekezaji mwenye cheti kuleta wageni hadi 5 kwa kuanzia. Sipingi wataalamu kuja. Ninachotaka ni tukubali kwamba sera yetu ya wageni haijawahi kumpima mtu kwa ugeni wake peke yake. Inampima pia kwa mfuko.

Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya raia, na Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, uchimbaji mdogo ukiwamo, pamoja na saluni, ufundi wa simu na uwakala wa fedha za simu. Faini yake haipungui shilingi milioni 10. Naiunga mkono nia yake. Mchimbaji wetu ameumizwa na wenye mitambo wanaojificha nyuma ya jina la raia kwenye leseni, wanachukua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, wanaacha mashimo. Basi utekelezaji uanze huko. Nenda kwanza kwenye plant yenye uzio na mlinzi, uliza mwenye fedha ni nani, omba mkataba. Ukimaliza huko, ndipo ushuke kwa anayesuka nywele kibarazani. Nina wasiwasi kwamba tutaanza na msusi, kwa sababu hana uzio.

Kama bado moyo ni mzito, kumbuka Montepuez. Mwanzoni mwa 2017 Msumbiji iliwafukuza Watanzania waliokuwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez, Cabo Delgado, wachimbaji na wafanyabiashara, wengine na watoto wao. Walirudi Mtwara wakisema wamenyang'anywa mali na kupigwa. Nchi nzima ilihuzunika na serikali yetu ilipeleka watu kufuatilia. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wengi wao hawakuwa na vibali, walistahili kipigo. Tulisema ni ndugu zetu, walikwenda kutafuta. Mrundi wa duarani naye ana mama yake, pengine Muyinga au Ruyigi, ambaye anasema maneno hayohayo.

Kwa hiyo siku wakija na daftari, fanya hivi. Sema unachokijua, na ukisema "nasikia" waambie waandike "amesikia". Usimtaje mtu unayedaiana naye wala mnayegombea mpaka wa shamba, na kama ni lazima atajwe, toka kwenye kikao kwanza, kama unavyotoka kesi ya ndugu yako ikiletwa baraza la kata. Uliza kila anayehojiwa maswali yaleyale, ukianza na wajumbe, kwa sauti, ili watu wasikie nani kati yao ana cheti cha baba. Andika mwaka ambao mtu alianza kuonekana hapa, na mashahidi watatu wasio ndugu zake. Mwenye silaha, mwenye kuficha majambazi, mwenye leseni ya jina la mtu mwingine, mtaje bila woga, awe Mrundi, Mchina au mjomba wako. Omba uamuzi wowote wa kumwondoa mtu uwe wa maandishi, wenye sababu, na umpe siku za kukata rufaa kabla ya kusafirishwa, si baada. Mke asitenganishwe na mume kabla faili la wote wawili halijasomwa pamoja.

Na gari likifika, panda juu ya kiti chako cha plastiki uhesabu. Hakikisha aliyepandishwa amebeba dawa zake, simu yake na namba ya mtu wa kumpigia akifika. Ekari zake zipimwe, ng'ombe wake wahesabiwe kwa rangi na alama, iandikwe nani atavuna na fedha itapelekwa kwa njia gani. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, moja apewe yeye mkononi, na muhuri wa kijiji upigwe kwenye zote mbili kabla dereva hajawasha injini.